Leso, mkoba laini au fremu: kumbeba mtoto kwa matembezi ya Lamu

Katika visiwa vya Lamu, kifaa cha kumbebea mtoto mgongoni huchaguliwa kwa kuangalia ardhi kwanza, kisha mtoto. Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni mwendo wa kilomita 3 hivi, na sehemu kubwa ya njia ina ardhi ngumu. Ukishaipita Shela unaanza ufuo wa kilomita 12 hivi, wenye vilima vya mchanga nyuma yake, na hapo kila kilo ya ziada huanza kuuma. Mwaka 1998 watafiti watatu waliofanya kazi Ubelgiji, Lejeune, Willems na Heglund, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kutembea mchangani hula nguvu mara 2.1 hadi 2.7 zaidi ya kutembea kwenye ardhi ngumu.

Heglund huyohuyo alikuwa amefanya kazi Kenya pamoja na Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1986 walieleza katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba tangu utotoni walichukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi. Mzigo huo ulikuwa wa kichwani, au wa mgongoni kwa kamba ya kipajini, kwa hiyo hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na mtoto. Hata hivyo kiwango hicho kinasaidia kupima. Kwa mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi. Fremu tupu huwa na kilo 3 au zaidi. Kilo 12 zimeisha kabla ya chupa ya maji kutiwa. Leso haifiki hata nusu kilo.

Ubora wa leso hauishii kwenye wepesi. Mama huinama, mtoto akalazwa mgongoni miguu ikiwa imetanuliwa kuzunguka kiuno, kitambaa kikavutwa hadi chini ya makalio ya mtoto. Pindo la juu hupita chini ya kwapa moja na juu ya bega la pili, likakazwa kifuani. Pindo la chini hufungwa kiunoni. Ikifungwa vizuri, magoti ya mtoto huwa juu kidogo ya makalio, mapaja yamekaa wazi. Huo ndio mkao unaofaa kiungo cha nyonga kinachoendelea kukua, na ndio watengenezaji wa vifaa vya kisasa wanaoutafuta. Uzito nao hukaa karibu kabisa na uti wa mgongo wa mbebaji, kwa hiyo haumvuti nyuma anapopanda kilima cha mchanga. Udhaifu wa leso ni bega: baada ya saa moja upande mmoja huchoka, fundo hulegea kwa jasho, na lazima mtu asimame afunge upya. Tena mgongo wa mbebaji na kifua cha mtoto hugusana muda wote, na katika joto la kaskazi wote wawili hulowa.

Mkoba laini wa kiwandani ulizaliwa kutokana na mbeleko ya Afrika. Ann Moore, muuguzi Mmarekani aliyefanya kazi Togo miaka ya 1960, aliona akina mama wakibeba watoto mgongoni. Aliporudi kwao alibuni, kwa msaada wa mama yake, mkoba wa Snugli. Mikoba laini ya leo imeongezewa ukanda mpana wa kiunoni, na ukanda huo ndio wa kukaguliwa kwanza dukani. Ukikazwa juu ya mifupa ya nyonga, mabega hupumua. Ukikaa tumboni, hauna kazi. Kitambaa kiwe chepesi chenye matundu ya hewa.

Fremu ya alumini ina faida zake: hewa hupita kati ya mtoto na mgongo, kuna kivuli, na maji yana mfuko wake. Haimfai mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe na kushika shingo, yaani kabla ya miezi 6 hivi. Miguu yake iwe na pa kukanyagia, la sivyo hufa ganzi. Lakini fremu humweka mtoto juu na mbali na mgongo, na kivuli chake hupita kichwa cha mbebaji, jambo la hatari kwenye milango mifupi. Miguu ya kuisimamisha huzama mchangani, kwa hiyo haifai kuwekwa chini mtoto akiwa ndani. Anayenunua fremu ya mitumba atafute alama ya EN 13209-1, kiwango cha usalama cha Ulaya, kisha avute kila kifungo kwa nguvu. Kifungo cha plastiki kilichopauka kwa jua kisiaminiwe.

Matembezi ya Lamu pia yana bahari ndani yake. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na chombo huingia maji yakiwa yamejaa tu. Familia hupanda na kushuka mashua. Hapo mtoto afunguliwe, avishwe jaketi la kuokoa maisha na kupakatwa. Mbebaji akianguka majini na mtoto aliyefungwa mgongoni, uso wa mtoto waweza kuzama mahali ambapo mikono ya mbebaji haifiki. Leso hufunguliwa haraka na mkoba laini kwa vifungo viwili au vitatu, lakini fremu hutaka mtu wa pili wa kusaidia.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2, mkoba laini wenye ukanda wa kiunoni ndio wa kuchukuliwa Lamu, na leso iwe mfukoni kwa njia fupi za mjini na kwa kivuli. Fremu inafaa vilima vya Ngong, ambako ardhi ni ngumu, hewa ni ya baridi na hakuna mashua ya kupanda.