Somo la Mwaloni Huanza Watoto Wakisharudi

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, nyavu hushonwa, mitumbwi hulala mchangani. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea mjini Musoma anayetaka watoto wake waone dagaa wakishushwa kwenye mwalo wa Mwigobero hana budi kutazama mwezi kabla ya kutazama ratiba ya shule. Mimi hupenda kuanzia hapo ninapochambua ziara za watoto wadogo. Tarehe peke yake huonyesha kama mwalimu alijua anachokwenda kutafuta, au aliwatoa watoto wakanyooshe miguu.

Mtaala wa elimu ya awali uliotoka mwaka 2016 haukuwa na somo la Hisabati wala la Kiswahili kwa maana ya shule ya msingi. Ulijengwa juu ya mambo sita ambayo mtoto alitakiwa ayamudu: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, sanaa, na dhana za awali za hisabati. Ukiyasoma huku umesimama mwaloni, unayaona yote sita kwa wakati mmoja. Ndipo penye mtego. Mwalimu anayetaka kuyafundisha yote sita asubuhi moja hurudi na watoto waliochoka, walioona kila kitu na wasiokumbuka chochote ila mbwa aliyeiba samaki.

Ziara inayofanya kazi hubeba swali moja. Kwa Mwigobero swali ninalolipenda ni hili: samaki hupimwaje? Dagaa wabichi hupimwa kwa ndoo au beseni. Wakikaushwa, huuzwa kwa sado, kwa debe, kwa gunia. Sato hupangwa mafungu, au mnunuzi huchagua mmoja mmoja. Sangara hupanda mizani, bei yake ikatajwa kwa kilo. Mahali pamoja pana njia nne za kusema "kiasi gani", na hakuna hata moja inayomlazimu mtoto wa miaka mitano kushika penseli.

Swali likishapatikana, kazi kubwa hufanyika kabla watoto hawajatoka shuleni. Mwalimu hutangulia peke yake. Huzungumza na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufukwe, maana mwalo una wenyewe, kisha humtafuta mchuuzi mmoja mwenye subira. Maneno ya kumwambia ni machache: "Mama, wewe pima kama siku zote, wao watauliza." Mchuuzi akiombwa "awafundishe watoto", huanza hotuba, na watoto huanza kurushiana mchanga. Akiachwa afanye kazi yake, mikono yake yenyewe hufundisha. Akijibu kwa Kijita au Kikwaya, mwalimu asimkatize ili ayageuze yote kuwa Kiswahili. Darasani Kiswahili kitapata nafasi yake, na wapo watoto ambao siku hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza kujua jibu kabla ya mwalimu.

Usalama nautaja kwa ufupi, kwa kuwa hauna mjadala. Watoto hawaingii majini: ziwa lina kina, na ufukweni kuna kichocho. Kamba ndefu yenye vifundo, kila mtoto akishika chake, husaidia kuliko kupiga kelele. Ndoano na miba ya sangara viko kila mahali, kwa hiyo viatu ni lazima. Nusu saa inatosha.

Sehemu ambayo shule nyingi huiruka ndiyo yenye faida zaidi. Kesho yake ratiba hurudi kwenye a, e, i, o, u, na mwalo unabaki kwenye simu ya mwalimu kama picha. Ziara ikiachwa hapo imekatwa katikati. Kesho yake ni siku ya kuujenga mwalo upya, na vifaa havihitaji bajeti. Majani makavu ya mkaratusi ni dagaa wazuri sana, membamba na mepesi. Makopo ya rangi yaliyooshwa ni sado. Boksi ni mtumbwi. Mizani hutengenezwa kwa kijiti, kamba na vifuniko viwili vya ndoo ndogo. Vyote huingia kwenye kona ya duka, ile kona ambayo mtaala unaitaka na ambayo katika madarasa mengi ni visoda vilivyopangwa mezani vikingoja mkaguzi.

Mchezo ukianza, ugomvi hauko mbali. Muuzaji amefuta sado kwa kiganja, mnunuzi anaitaka ijae hadi ichongoke. Huo ndio wakati wa mwalimu kunyamaza kidogo kisha kuuliza: yule mama alifanyaje? Wapo watakaosema alifuta, wapo watakaosema aliongeza kiganja kimoja juu. Hoja ikikwama, wanarudi Mwigobero safari ya pili, na safari hii hawatazami ovyo. Wanakwenda kuhakiki. Mtoto hajui alichoshindwa kukiona mpaka ajaribu kukitengeneza kwa mikono yake.

Mbinu hii ina zaidi ya miaka mia. Caroline Pratt, aliyeanzisha shule yake New York mwaka 1914, aliwatengenezea watoto vipande vya mbao vilivyokatwa kwa vipimo vinavyooana, akawapeleka kuona shughuli za bandari kwenye Mto Hudson, kisha akawaacha wazijenge meli na gati sakafuni. Walipokwama walirudi mtoni kutazama tena. Karibu na kwetu, mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 uliwafunza walimu kutengeneza zana kutokana na vifuu na vitu vingine vya mtaani badala ya kungoja midoli ya dukani. Kwa hiyo anayeiita njia hii anasa ya shule za kulipia hajatazama vizuri. Shule za kulipia ndizo mara nyingi huipoteza, kwa sababu zina basi.

Basi ni kishawishi. Bunda iko jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na ni rahisi kuwapakia watoto wakaone tembo. Sina ugomvi na furaha ya watoto. Ila mtoto aliyeketi nyuma ya kioo hawezi kugusa, kuuliza wala kupima, na akirudi darasani hana cha kujenga zaidi ya kuchora mnyama mwenye mkonga, ambaye pengine alishamchora kabla. Katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi kuna wakulima wanaokesha wakiwafukuza tembo mashambani. Mmoja wao akija shuleni na debe analoligonga, akaonyesha namna ya kuligonga na namna wanavyoitana usiku, darasa limepata sauti, mdundo, hesabu ya mapigo na mazungumzo ya wiki nzima, bila nauli.

Pamba ya Bunda ni nzuri zaidi kwa watoto hawa, na sijui kwa nini haitumiwi sana. Msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei, kabla ya likizo ya Juni, kwa hiyo nafasi ni finyu lakini ipo. Kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mtoto huona mfuko wa pamba uliomzidi yeye kimo ukiinuliwa na mtu mmoja. Darasani mwalimu humpa mfuko wa pamba mkono mmoja na jiwe dogo mkono wa pili. Watoto wa umri huu huamini kikubwa ndicho kizito. Mikono inawakatalia, na uso wa mtoto anayekataliwa na mikono yake mwenyewe ni jambo la kuona. Baada ya hapo ile mizani ya kijiti na vifuniko hupata maana, kwa kuwa sasa kuna mabishano ya kuamua. Mbegu zikichambuliwa kwenye nyuzi, zinahesabiwa. Nyuzi zinasokotwa. Kitu kimoja kinaweza kulibeba darasa siku nne, tano.

Butiama ni kesi ngumu. Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999 ni mahali ambapo kila shule ya mkoa wa Mara ingependa kufika, na kwa wanafunzi wakubwa ni sawa kabisa. Kwa mtoto wa miaka mitano, neno atakalolisikia zaidi ni "usiguse". Urais, uhuru, Azimio la Arusha: hayo hayana mahali pa kukaa kichwani mwake bado. Ningekuwa mwalimu wa awali Butiama, ningemtafuta mzee wa kijiji mwenye bao, akae chini ya mti na watoto watano watano, awaonyeshe kutupa kete moja kila shimo. Kete moja, shimo moja: hakuna darasa la kuhesabu lililo safi kuliko hilo, na hapo kugusa ndiko kunakotakiwa.

Nyerere mwenyewe alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, na alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikuwa anapinga shule inayomtenga mtoto na jamii yake. Shule nyingi zililisoma andiko hilo kama amri ya kushika jembe. Bustani ikamwagiliwa, kuni zikabebwa, ukumbi ukafagiwa, na kazi za mikono zikawa adhabu ya waliochelewa. Mazoea hayo bado yapo, na huingia chekechea kwa jina jipya la "vitendo". Mtoto anayemwagilia mchicha kila asubuhi anatumia mikono, lakini kama hakuna aliyemuuliza kwa nini tuta hili limekauka na lile la jirani bado lina unyevu, amefanya kibarua tu.

Kikwazo halisi ni idadi. Mwongozo wa elimu ya awali unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa mengi ya awali ya umma yamejaa kupita kiasi hicho, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayepeleka watoto 80 ufukweni peke yake. Mara imewahi kuonja njia ya kutokea: mpango wa utayari wa shule uliokuwa ndani ya mradi wa EQUIP-Tanzania, ambao uliendesha mafunzo ya wiki 16 kwa watoto waliokuwa hawajapata darasa la awali, ukitumia wasaidizi waliotoka kwenye jamii zao, hadithi na michezo. Msaidizi wa namna hiyo anaijua njia ya mwaloni na mchuuzi anamwita kwa jina. Lakini hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na mradi ulikwisha mwaka 2020.

Mwalimu mkuu asiye na msaidizi bado anaweza kuligawa darasa. Watoto 20 watoke na mwalimu na wazazi wawili, waliobaki wakae na mwalimu wa darasa la kwanza kwa kipindi kimoja. Wiki ijayo 20 wengine. Waliotangulia wapewe kazi ya kuwaeleza wenzao watakachokiona, na wale wakirudi waseme kama walidanganywa. Hilo linahitaji mwalimu wa darasa la kwanza akubali kuazimwa saa moja kila wiki, na makubaliano hayo hufanyika ofisi ya walimu, Januari, ratiba inapopangwa, maana Februari hakuna tena atakayekubali.