Amani Festival ya Goma: Kazi Ilikuwa Nje ya Lango

Kila mwaka tamasha kubwa lilipokaribia, swali la vijana wa Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini, lilikuwa lilelile: waandaaji wanaajiri nani? Ukichunguza hesabu ya Amani Festival, tamasha la muziki la Goma, mashariki mwa Kongo, utaona kwa nini swali hilo halikuwa na jibu nono, na kwa nini pesa ilimfikia zaidi aliyeuza kuliko aliyeomba kazi.

Toleo la kwanza lilipangwa kufanyika 2013, vita vya waasi wa M23 vikaliahirisha, nalo likafanyika Februari 2014. Wazo lilikuwa la Mbelgiji Eric de Lamotte, na Foyer Culturel de Goma ndiyo iliyokuwa mhimili wake mjini. Kiingilio kiliwekwa chini kwa makusudi, kama dola 1 kwa siku, ili mtoto wa mtaa wa Birere naye aingie. Matoleo kadhaa yalipita watu 30,000 kwa siku tatu. Zidisha mwenyewe: dola 30,000 hivi. Hapo ndani utoe tiketi za ndege za wanamuziki wa nje, hoteli zao, jukwaa, bafle, taa, jenereta na mafuta yake. Pengo lilizibwa na wafadhili, na upande wa mishahara likazibwa na mamia ya watu wa kujitolea. Kukagua tiketi, kuelekeza wageni na kupanga foleni vilifanywa na vijana wasiolipwa.

Kazi ya mshahara ilibaki kwa fundi: wa umeme, wa sauti, wa kufunga jukwaa. Fundi haitwi kwa barua ya maombi. Huitwa na mtu aliyemwona akivuta nyaya mwaka uliopita usiku wa manane bila kuzikanyaga. Kwa hiyo kujitolea kulikuwa na faida kwa yule tu aliyechagua mahali pa kujitolea. Aliyesimama mlangoni na fulana ya tamasha alirudi nyumbani na fulana. Aliyekaa siku tatu nyuma ya meza ya sauti alirudi na namba ya simu ya fundi mkuu. Zanzibar wamepita njia hiyohiyo: Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Mji Mkongwe mwaka 2004, limefundisha mafundi wa kwao wa sauti na taa mpaka wakawa wanaitwa na shughuli nyingine.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana hapo ndipo Masisi ilikuwa na bahati. Mkulima wa Masisi hupanda msimu wa kwanza Septemba na kuvuna maharage kuanzia Januari, kisha hungoja mvua za msimu wa pili. Katikati ya Februari mikono mingi haina jembe, na barabara ya Sake hadi Masisi-kati haina matope kama ya Aprili. Tamasha lilianguka palepale kwenye pengo la wiki chache. Lakini kijana asiye na shughuli akishuka kilomita 80 kutafuta kibarua, hukuta vijana wa mjini wasiolipa nauli wala kitanda wakigombea kibarua hichohicho. Kwa nguvu za mikono peke yake hatawashinda.

Alichonacho yeye, mjini hakipo. Chukua fromaji ya Masisi, jibini la aina ya Gouda linalojulikana mpaka Kinshasa. Kilo moja hula kama lita 10 za maziwa, kwa hiyo bonge la kilo 3 ni lita 30, bidoni moja na nusu ya lita 20. Maziwa yakiganda hukatwa, hukamuliwa maji, hubanwa, hulala kwenye maji ya chumvi, kisha hupangwa juu ya mbao na kugeuzwa kila siku ili jibini lisiote ukungu upande mmoja. Likihitaji wiki nne hivi kukomaa, la kuuzwa katikati ya Februari lazima libanwe kabla ya katikati ya Januari. Na Januari nyasi hupungua, maziwa nayo hupungua. Anayengoja mabango ya tamasha yabandikwe ndipo atafute maziwa amechelewa mwezi mzima, na atanunua kwa bei ya waliowahi.

Walikale ni hesabu nyingine. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nyingi zikiwa msitu. Mawese na mchele vikifika Goma, nauli imeshakula faida. Lakini kuna mali isiyo na uzito: sanaa. Ni kwa Wanyanga wa Walikale ambako utendi wa Mwindo ulinakiliwa kutoka kwa mtambaji Shekarisi Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa kitabuni 1969, kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mtambaji wake huimba, hucheza na kuigiza huku wenzake wakipiga ngoma na kuitikia. Kikundi cha namna hiyo ndicho tamasha linachohitaji, ila ratiba ya jukwaa hufungwa miezi kabla. Chombo cha kuombea nafasi ni video ya dakika chache iliyopigwa vizuri kwa simu, yenye sauti safi na namba ya mtu mmoja anayejibu.

Tatizo la kazi ya namna hii ni tarehe kuteleza. Hata Sauti za Busara halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Goma ilipatwa na makubwa zaidi: mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Masisi-kati na Sake zilikuwa zimeshachukuliwa mwezi huohuo, na Machi vita vikafika Walikale-kati. Aliyenunua nyanya za kuuza kwenye tamasha angezitupa. Mwenye jibini ana bidhaa inayovumilia wiki kadhaa, inayouzika hata bila tamasha, ilimradi njia ipitike.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba tamasha ni soko la siku tatu kwa mwenye bidhaa au ufundi, na kwa asiye navyo ni safari ya gharama. Siku litakaporudi, waandaaji watangaze mahitaji yao ya chakula, mafundi na vikundi kuanzia Novemba, kwa redio za jamii za Masisi na Walikale. Tangazo la Januari huwafikia watu wa Goma peke yao.