Ufundi wa Kuteremka South Georgia

Boti ya mpira haitangulii wimbi. Hulifuata, ikakaa mgongoni mwake, na mwendeshaji aliyesimama tezini akishika kana ya mashine huongeza na kupunguza mafuta kidogo kidogo ili boti isilipite wimbi hilo, wala isikutwe na lile linalokuja nyuma. Wimbi likishavunjika na maji yake kutandaa mchangani, humalizia masafa mafupi yaliyobaki, akaizima mashine na kuiinua ili rafadha isigonge mawe. Hapo tayari watu wawili au watatu waliovaa suruali za mpira zinazofika kifuani wameshaingia majini na kuidaka omo kwa mikono. Yote hayo hufanyika kabla wimbi jingine halijafika. Abiria waliokaa kwenye kingo za boti, kamera zao zikiwa zimefungwa ndani ya mifuko isiyopenya maji, mara nyingi hawatambui kwamba kuna jambo gumu limetendeka.

Mvuvi wetu anayeingiza ngalawa kwenye mlango wa mwamba wakati wa kusi angeielewa kazi hii bila kuelezwa. Angeona jinsi mwendeshaji anavyogeuza shingo kutazama nyuma kuliko mbele, jinsi anavyohesabu mawimbi, jinsi anavyosubiri. Asichokizoea ni baridi ya maji yenyewe, ambayo humnyang'anya mtu nguvu za vidole kwa dakika chache tu.

South Georgia ni kisiwa kilicho chini ya Uingereza, kusini kabisa mwa Bahari ya Atlantiki, yapata kilomita 1,400 kutoka visiwa vya Falkland. Ni kirefu na chembamba, kina milima iliyofunikwa na theluji, na kilele chake cha juu, Mlima Paget, kinazidi mita 2,900. Hakina uwanja wa ndege. Kila anayefika huko hufika kwa bahari, na karibu kila anayekanyaga fukwe zake zenye wanyama hufikishwa na boti ya mpira. Mtindo huu wa safari ulianzishwa na Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1966 aliwapeleka watalii Antaktika na miaka mitatu baadaye akapata meli yake mwenyewe, Lindblad Explorer. Meli ilikuwa ndogo, boti za mpira zikiwa juu ya sitaha, na badala ya wapiga muziki palikuwa na wataalamu wa ndege, wa nyangumi na wa mawe. Meli za leo ni kubwa zaidi na zina starehe nyingi, lakini kiini cha kazi hakijabadilika.

Kiini hicho huanza alfajiri, wakati abiria bado wamelala. Tuseme meli imefika mbele ya St Andrews Bay, ghuba yenye koloni kubwa kuliko zote kisiwani ya pengwini mfalme, kiasi cha jozi 150,000. Kiongozi wa msafara amesimama kwenye chumba cha usukani pamoja na nahodha. Macho yao hayapo baharini peke yake. Wanatazama milima. Hewa iliyopoa juu ya mito ya barafu ni nzito, na huteremka mabondeni kwa ghafla. Ghuba iliyokuwa shwari huweza kuchafuka kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika kuwarudisha watu mia melini. Theluji ikipeperushwa kutoka kwenye matuta ya milima, au mawingu laini yakikaa juu ya vilele bila kusogea, ni dalili ya upepo ambao huku chini bado haujafika. Mwanafunzi wa kazi hii huzijua dalili hizo kitabuni. Fundi huzipima dhidi ya asubuhi nyingine alizowahi kuziona mahali hapohapo.

Kisha boti moja hushushwa peke yake, haina abiria. Ninaipenda sana sehemu hii ya kazi, labda kwa sababu haionyeshwi kwenye picha za matangazo. Boti huenda polepole sambamba na ufukwe, mbali kidogo na pale mawimbi yanapovunjika, na waliomo hawasemi mengi. Wanatafuta nafasi. Sili-tembo wamelala wametapakaa mchangani, madume makubwa yakifikia tani 3 hata 4, na hakuna anayewahamisha. Nafasi lazima ipatikane baina yao. Pengwini nao wana njia zao za kutoka baharini, na boti ikitua katikati ya njia hiyo mamia yao yatasimama majini yakisubiri. Halafu kuna mwani, ule mkubwa wa Bahari ya Kusini wenye mashina marefu kama kamba za meli, unaoizonga rafadha na kuizima mashine palepale mawimbi yanapovunjika. Mwendeshaji hujifunza kuisoma rangi yake chini ya maji, kuuzunguka inapowezekana, na akinaswa, kurudisha mashine nyuma ili ujifungue, bila kuchanganyikiwa.

Siku nyingine ufukwe unapitika, ila mawimbi ni makubwa mno kwa omo kutangulia. Hapo boti hugeuzwa, tezi ikaelekea nchi kavu na omo ikaelekea baharini, ili ipokee mawimbi kwa upande ulioinuka. Waliosimama majini huishika, abiria hushuka mmojammoja karibu na tezi, na katikati ya shughuli sauti moja tu hutoa amri. Hata namna ya kumpokea mtu ina kanuni: mikono haikamatani viganjani, hushikana juu ya vifundo, kila mmoja akimshika mwenzake, ili mmoja akilegea mwingine abaki ameshika. Kwenye ngazi ya kando ya meli, boti inapopanda na kushuka na maji, abiria huambiwa asubiri. Anasubiri. Boti ikifika juu kabisa, neno moja, naye anapiga hatua. Bibi mwenye magoti mabovu huvushwa kwa utulivu uleule anaovushwa kijana, na hilo nalihesabu kuwa ustadi sawa na ule wa kusoma bahari.

Lakini kabla ya yote hayo palikuwa na jioni ya kusafisha. Siku meli inapokaribia kisiwa, abiria wote huitwa ukumbini na majaketi yao, mikoba, kofia, soli za viatu, miguu ya tripodi za kamera. Waongozaji, haohao watakaoshika boti kesho, hukaa chini na brashi, vibano vidogo na mashine za kufyonza vumbi. Wanapekua mishono ya mifuko. Wanachomoa mbegu za majani zilizonasa kwenye velkro, moja baada ya nyingine, mbegu ambazo pengine zilipandia nguo kwenye matembezi ya Falkland siku chache nyuma au kwenye bustani ya nyumbani Ulaya. Kazi hii huchukua saa nyingi, inaumiza macho na mgongo, na haina sifa. Maofisa wa serikali ya kisiwa hupanda melini na kuyakagua mavazi ya abiria. Mbegu chache tu zikipatikana huwa ni doa kwa meli nzima.

Sababu ya ukali huo imo katika historia ya fukwe zenyewe. James Cook alitua South Georgia Januari 1775, na taarifa zake kuhusu wingi wa sili ziliwaleta wawindaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 sili wenye manyoya walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1904 Carl Anton Larsen alianzisha kituo cha nyangumi Grytviken, na kufikia miaka ya 1960 zaidi ya nyangumi 170,000 walikuwa wamechinjwa na kuchemshwa kisiwani humo. Watu wale walikuwa mabaharia hodari. Pengine walijua kutua ufukweni kwenye mawimbi vizuri kuliko yeyote aliye hai leo. Ila katika meli zao walikuja na panya. Panya walikula mayai na makinda ya ndege wanaotaga chini, hadi kipimanjia wa South Georgia, ndege mdogo wa kahawia asiyepatikana popote pengine duniani, akabaki kwenye visiwa vidogo vya kando na sehemu chache ambazo panya hawakuzifikia.

Kuwaondoa panya hao kulihitaji ufundi wa aina nyingine. Shirika la South Georgia Heritage Trust liliianza kazi hiyo mwaka 2011, likaiendeleza 2013 na 2015, helikopta zikidondosha chambo chenye sumu kwa mistari iliyopangwa ili pasibaki hata eneo dogo lililorukwa. Jozi moja ya panya ingetosha kurudisha kila kitu mwanzo. Kilichoiwezesha kazi kugawanywa kwa awamu ni mito ya barafu inayoshuka hadi baharini, kwa kuwa panya hawakuweza kuivuka. Lakini mito hiyo inarudi nyuma mwaka hadi mwaka kwa sababu ya joto. Kuta zilikuwa zinafunguka, na ilibidi kazi imalizike kabla panya hawajachanganyika. Baada ya ukaguzi uliotumia hata mbwa wa kunusa, mwaka 2018 kisiwa kilitangazwa hakina panya. Vipimanjia wamerudi na wanaimba kwenye nyasi nyuma ya fukwe. Mwongozaji anayeichomoa mbegu kwenye mfuko wa mtalii saa nne za usiku anailinda kazi hiyo, na waongozaji wengi wanaijua kisa kwa kisa.

Ufukweni, kazi hugeuka kuwa ya kusimama. Vijiti au bendera ndogo hupangwa kuonyesha njia, na kila mwongozaji ana kona yake. Umbali wa kawaida kwa pengwini ni mita 5, lakini pengwini hawakusoma kanuni hiyo. Wakija wenyewe, mtu husimama na kuwaacha wapite. Tangu homa kali ya ndege ilipofika kisiwani mwaka 2023, hakuna anayekaa chini, kupiga goti wala kuweka mkoba mchangani. Watu huombwa waseme kwa sauti ya chini, na ombi hilo lina maana: mzazi wa pengwini mfalme anayerudi kutoka baharini humtambua kinda wake kwa mlio, katikati ya kelele za maelfu. Malezi ya kinda mmoja huchukua zaidi ya mwaka, kwa hiyo ufukwe haubaki mtupu, na njia iliyofaa jana leo huenda imekaliwa.

Sili mwenye manyoya akimkimbilia mtu, na dume wakati wa kuzaliana hukimbia kwa kasi ya kushangaza, mwongozaji mzoefu hasogei. Hujinyoosha, hugonga fimbo kwenye mawe au hugonganisha mawe mawili, na sauti ile kwa kawaida hutosha. Mnyama husimama, mtu naye haongezi neno. Kinachonivutia ni kile kiasi: kishindo cha kutosha kumzuia, kisichotosha kumtimua. Kujua kiasi hicho ni miaka.

Mpaka hapa nimesema juu ya kuteremka. Ugumu wa juu kabisa ni kukataa. Mle melini mna watu waliolipa fedha nyingi, wengine wakiwa wameweka akiba maishani kwa ajili ya asubuhi hii, na kiongozi wa msafara lazima ashike kipaza sauti awaambie kwamba leo hawashuki, ilhali kwa macho yao jua linawaka. Nahodha ana uzito wake vilevile. Vipande vya barafu ya zamani, vigumu na vyenye kung'aa kama kioo, huelea vikiwa vimezama karibu vyote, na kati ya mawimbi rada huvikosa. Mwanga mweupe chini ya mawingu humwambia mlinzi kwamba mbele kuna barafu, na weusi kwamba kuna maji wazi, lakini usiku dalili hizo hufifia, na taa zikiwashwa nyingi ndege wa baharini huvutwa nazo wakajigonga sitahani. Kwa hiyo madirisha hufungwa mapazia, mwendo hupunguzwa, na watu wenye macho mazuri husimama zamu. Ile meli ya Lindblad, wakati huo ikiitwa Explorer, iligonga barafu na kuzama karibu na visiwa vya South Shetland tarehe 23 Novemba 2007. Watu wote 154 waliokolewa, bahari ikiwa tulivu kwa bahati yao.

Nina wasiwasi na wingi wa safari hizi, na sioni sababu ya kuuficha. Katika msimu wa 2022–23 zaidi ya watalii 100,000 walifika Antaktika, na meli zao huchoma mafuta yanayochangia kuyeyuka kwa barafu ileile wanayoifuata. Chama cha waendeshaji wa safari hizi, IAATO, kilichoundwa mwaka 1991, kimeweka ukomo wa watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Ni kanuni nzuri. Hata hivyo kanuni hutegemea mikono ya wanaozitekeleza, na ongezeko la meli linadai mafundi wengi haraka kuliko wanavyoweza kuiva. Mtu huanza kwa kubeba mifuko na kusimama majini akishika omo za wengine. Hupewa boti tupu katika ghuba tulivu. Kisha boti yenye watu, ufukwe mwepesi, mkongwe akiwa pembeni. Hakuna njia ya mkato ya kumpata mtu atakayeitazama theluji ikipeperuka mlimani na kusema kwenye redio, "Turudisheni watu sasa," wakati wageni wameshuka dakika ishirini tu zilizopita.

Neno hilo likisemwa, hakuna anayebishana nalo. Watu hurudi kwa mistari kwenye njia yenye bendera, wa polepole wakitangulia. Mifuko ya dharura iliyoletwa ufukweni, yenye mahema na chakula endapo bahari ingewafungia huko, hupakiwa. Bendera hung'olewa kuanzia ya mbali. Melini kila jina huhakikiwa, viatu vinapigwa brashi na kuloweshwa tena kwenye dawa, na nahodha anaizungusha meli kuelekea ghuba nyingine iliyokingwa zaidi na upepo, ambako boti moja itashushwa kwanza, tupu.