Kuchambua Bangili ya Mtoto

Katika kurasa kama hizi waalimu huchambua nyimbo, mashairi na vitabu, wakionyesha palipo pema na palipo pabaya. Sijapata kuona mtu akichambua bangili ya mtoto wa darasa la tano. Mtacheka, lakini nivumilieni kidogo. Wimbo mbaya ukiisha kuimbwa umekwisha. Bangili mbaya hukaa mkononi mwa mtu.

Hapa kwetu Bangwe, kati ya bandari ya Kigoma na mji wa Ujiji, tuna desturi shuleni. Ikikaribia sikukuu ya Krismasi twatoa meza mbili nje, chini ya mwembe, na watoto hupanga juu yake vitu walivyofanyiza kwa mikono yao ili wawape wazazi, ndugu, na wasimamizi wao wa ubatizo. Hakuna kitu cha kununuliwa dukani. Vyote vyatoka katika mambo ya kila siku: chupa za maji, vipande vya kitenge vilivyoanguka chini ya cherehani za mafundi, kalenda za mwaka uliokwisha, vifuu vya nazi, ukindu, nyavu kuukuu. Wazee hupita, huinua kitu, husema, "Vizuri, vizuri," hukiweka chini, kisha huenda kunywa chai. Mwalimu naye huandika alama. Neno hilo "vizuri" ndilo nitakalo kuligombeza leo, na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Krismasi iliyopita kitu kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa bangili pana. Msichana mmoja alikata duara katika chupa ya maji, upana wa vidole vitatu, akaizungushia kitenge chekundu chenye maua ya manjano, mojawapo ya vile vivukavyo ziwa kutoka upande wa Kongo, akakibandika kwa gundi. Kwa mbali ungalidhani imetoka dukani. Nalimpa alama tisa katika kumi. Alimpa bibi yake, naye akaivaa siku ya ibada, watu wakamshangilia.

Siku ya tatu yule bibi alikuja kwangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe Mwalimu ndiwe uliyesema kwamba kitu hiki ni kizuri?"

Nikanyamaza. Gundi ilikuwa imelainika kwa jasho, kitambaa kimefunuka upande wa ndani, na ukingo wa plastiki umemchora mstari mwembamba mwekundu kuuzunguka mkono, mahali ambapo ngozi ya mzee ni nyepesi kama karatasi. Nikamwuliza kwa nini hakuivua siku ile ile ya kwanza. Akasema, "Mtoto angeona."

Basi tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama ile meza upya katika mawazo, kitu kwa kitu, nami naona kwamba hukumu yangu ilikuwa ya macho tu. Ile bangili sikuigeuza. Sikupitisha kidole upande wa ndani, ambako ndiko bangili inakokaa na mtu. Upande wa nje ni wa watazamaji. Mtoto alifuata nilichofundisha: ficha chupa, pamba juu. Kumbe chupa haikubali kufichwa. Ina ukingo, na ukingo huo una dawa yake, ambayo fundi ye yote angaliniambia kama ningaliuliza. Ukiugusisha ukingo uliokatwa juu ya bamba la pasi lenye moto wa kiasi, plastiki hujikunja yenyewe kwa ndani na kuwa laini. (Mtu mzima awepo, na iwe nje penye upepo, maana plastiki ikiungua moshi wake ni mbaya.) Kisha kitambaa kishonwe kwa sindano, wala kisibandikwe, mshono hauogopi jasho. Kazi yote haizidi nusu saa. Nami kwa kukosa nusu saa hiyo nalimfundisha mtoto kumpa bibi yake jeraha lililovikwa kitenge.

Twende kwenye mikufu ya karatasi, maana hiyo ilikuwa mingi. Kazi hii ni njema, wala si mchezo wa watoto peke yake. Nchini Uganda wanawake wa Kiacholi waliokimbia vita vya kaskazini na kukaa Kireka, kando ya Kampala, walipata chakula chao katika shanga za karatasi, na shirika la BeadforLife, lililoanzishwa mwaka 2004, lilizipeleka shanga za wanawake wa Uganda kuuzwa Marekani. Ushanga wa namna hii hukatwa kwa pembetatu ndefu: kitako cha sentimita mbili hivi, urefu wa thelathini. Huviringishwa juu ya kijiti chembamba kuanzia upande mpana, na ile ncha lazima iishie katikati kabisa, ama sivyo ushanga huinama upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Ukitaka ushanga mrefu, panua kitako; ukitaka mnene, refusha pembetatu. Kisha hupakwa vanishi mara mbili au tatu, na kila mara hungojewa ikauke.

Mikufu yetu ilikuwa na macho mazuri. Msichana mmoja alichagua katika kalenda ile sehemu ya picha yenye maji na mbingu tu, akapata bluu za namna nne au tano, na tarehe za miezi zikageuka madoa madogo meusi. Sijaona duka la Kigoma lenye mkufu wa rangi hizo, na sifa hii siiondoi. Lakini vanishi hapakuwa nayo, na gundi ilikuwa uji wa unga wa muhogo. Mkufu mmoja ulivimba kwa jasho kabla ya Mwaka Mpya. Mwingine, nasikia, ulitundikwa ukutani na mende wakaula. Basi hapa kosa ni la fedha au la fikira? Chupa moja ndogo ya vanishi ingalitosha darasa zima, nasi waalimu tulichanga pesa nyingi zaidi kwa ajili ya soda.

Naomba nikumbushe kwamba ushanga haukuwa jambo dogo katika pwani hii ya ziwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, ushanga ulikuwa mali ya kununulia vitu. Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliona jambo la ajabu zaidi. Sokoni vitu vyote vilihesabiwa kwa ushanga ulioitwa sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko lililovunjika. Asubuhi watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi ushanga wao wa namna nyingine, na soko lilipofungwa waliipokea tena sofi kwa wauzaji, wakipata faida asubuhi na jioni. Watu walioishi kwa kuhesabu ushanga kipande kwa kipande, sidhani kama wangalisema "vizuri, vizuri" pasipo kuugusa. Sisi wajukuu wao ndio tulio wepesi hivyo.

Sasa nije kwenye kitu nilichokipa alama sita.

Mvulana mmoja, ambaye watu wa kwao ni wavuvi wa Katonga, alileta mfuko aliofuma kwa uzi wa wavu kuukuu. Nyuzi zilikuwa nyeusi na za kijani iliyopauka, zimeungwaungwa. Hapakuwa na ua, wala jina, wala kitenge. Nilimwuliza, "Mbona hukutia pambo lo lote?" Akanitazama kwa adabu akasema, "Mwalimu, pambo litashika wapi?" Nalidhani ni uvivu, nikaandika sita.

Leo naona alinijibu vema kuliko nilivyouliza. Mfuko ule una fundo la wavuvi, lile lisiloteleza hata uzi ukilowa. Matundu yake yote ni sawasawa, kwa kuwa alipimia kijiti kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Mama yake huutumia kila siku: hutia mihogo, huuchovya mfuko pamoja na mihogo yake ziwani, udongo hutoka kwa matundu, naye huupandisha begani maji yakichuruzika. Ukifika nyumbani umekaribia kukauka. Kila kitu kinachofaa katika mfuko ule kimetoka katika tabia ya uzi wenyewe; mtoto hakushindana nao. Uzuri wake ndio huo, ila wataka kutazamwa mara mbili. Nisije nikaruka upande wa pili nikamsifu kupita kiasi: mkanda wake ni mwembamba mno, wakata bega, na mama amelazimika kuufunga kipande cha kanga. Angaliusuka mkanda kwa nyuzi sita badala ya mbili ningalimpa tisa. Sita hapana.

Kulikuwa na kikapu kimoja tu cha ukindu, nami nilisikitika. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipokatazwa katika nchi yetu, ungalitazamia vikapu vijae kila nyumba. Vimeongezeka kidogo, lakini mifuko ya kitambaa cha kiwandani imekuja mbio na kushika nafasi. Kikapu cha mtoto huyu kilikuwa na umbo zuri na ukili mwembamba wa kupendeza, bali baada ya majuma mawili kilikuwa na nafasi za kupitisha dagaa. Alisuka majani yangali mabichi. Jani bichi husinyaa likikauka, na ukili hulegea. Wasusi wote wajua hili: jani hukaushwa kwanza, likachanwa, likatiwa rangi kama yatakiwa, ndipo likaloweshwa kidogo wakati wa kusuka. Shuleni petu hatuna msusi hata mmoja, ingawa wako kina mama wawili wanaosuka hatua mia kutoka mlangoni petu. Hatujawaalika kamwe. Labda twaona haya kufundishwa na watu wasio na cheti.

Najua neno nitakaloambiwa, maana nimekwisha kuambiwa na mwenzangu mmoja: "Ndugu, hawa ni watoto. Zawadi ni moyo. Ukianza kupima ukingo na fundo utawavunja moyo, nao mwakani hawatafanya kitu." Neno hili lina uzito nami sililidharau. Lakini nauliza: moyo wa nani? Moyo wa yule bibi ulifungwa ndani ya bangili siku tatu, kwa kumhurumia mjukuu. Hiyo ndiyo zawadi tuliyomfanya atoe yeye, badala ya kupokea. Na mtoto akija kujua, je, ataamini tena sifa ya mtu ye yote?

Tena sikubali kwamba kitu cha takataka chastahili hukumu ya huruma. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora Dar es Salaam juu ya vibao vya bei rahisi kwa rangi za kupakia baiskeli. Vitu duni vya duka la vifaa. Hata leo watu husimama mbele ya wanyama wake kwa sababu mistari yake ina hakika, wala hawasemi, "Si vibaya kwa rangi ya baiskeli." Na kule Lamu, mwaka 2018, mafundi walimaliza jahazi dogo la plastiki iliyookotwa, lenye urefu wa mita 9 hivi, ubavu wake umefunikwa ndala za kila rangi zilizotupwa pwani. Waliliita Flipflopi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kwa tanga mpaka Unguja. Rangi zake zafurahisha kama bangili yetu, lakini fundi wake, Ali Skanda, ni mjenzi wa majahazi, naye alijua kwamba bahari haitasoma habari za usafi wa mazingira kabla ya kutia maji ndani. Ndala zipo nje. Kazi ipo katika viungo.

Wasomaji wa Maandiko wamkumbuke Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro moyo wake, ambao hauonekani. Walimwonyesha nguo. Nami naamini zilikuwa nguo zilizoshonwa sawasawa, maana walikuwa bado wanazo.

Tumepatana shuleni kwamba mwaka huu meza zitatolewa majuma matatu kabla ya sikukuu, si siku mbili, ili kitu kikionekana kina kosa kirudi kwa mwenyewe na kutengenezwa. Wasusi wale wawili wameombwa waje. Mmoja amekubali, wa pili asema atafikiri. Mzee mmoja wa nyavu ataketi nasi pia. Alama zitaandikwa baada ya vitu kuguswa, kugeuzwa, na kuloweshwa maji. Mwenzangu bado ana mashaka, na huenda watoto wawili watatu watalia.

Yule msichana nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Alinuna siku mbili. Kisha akafanya bangili ya pili, ukingo umekunjwa kwa pasi, kitenge kimeshonwa kwa mshono wa kuficha, na mara hii alichagua rangi ya kahawia iliyotulia, sijui kwa nini. Nilikwenda naye kuipeleka. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, wala hakutazama maua. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, akazunguka mpaka alipoanzia. Ndipo akaivaa, akamwuliza mjukuu wake kama chupa nyingine ipo, kwa mkono wa kushoto.