Sinderela wa Kicheki Kanikosha Roho

Wapenzi wa picha za mapenzi, wekeni chini mlichoshika! Nimetoka kuitazama Tři oříšky pro Popelku kwa mara ya kwanza, moyo bado unanienda mbio, na nikinyamaza nitakuwa nimewadhulumu. Ni filamu ya mwaka 1973, Njugu Tatu za Sinderela, iliyoongozwa na Václav Vorlíček kwa ushirikiano wa studio za Barrandov za Prague na studio za DEFA za Ujerumani Mashariki. Nimewaona akina Sinderela wa kila namna, wa katuni na wa kuigizwa. Huyu amewapiku wote, tena kwa mbali.

Sababu naisema mapema: hapa steringi ni msichana mwenyewe. Hakai jikoni akilia mpaka bahati imbishie hodi. Anapanda farasi bila kushikiliwa, analenga shabaha kuliko wanaume wa ikulu, anapanda miti, anamjibu mwana wa mfalme bila kupepesa macho. Na mapenzi yao hayaanzii kwenye gauni. Yanaanza kwa ugomvi wa kitoto katikati ya msitu, wawili wakipimana ubavu, na kila wanapokutana tena kipimo kinapanda. Nimetazama filamu nyingi zinazodai kwamba wapendanao ni sawa kwa sawa; hii haidai, inaonyesha.

Hadithi yenyewe tunaijua toka utotoni: mama wa kambo, majivu, dansi ya ikulu, kiatu kimoja. Iliyoenea zaidi duniani ni ile ya Mfaransa Charles Perrault ya mwaka 1697, ambayo Disney waliifanya katuni mwaka 1950, yenye boga linalogeuka gari na kengele ya saa sita za usiku. Ndugu wawili wa Kijerumani, akina Grimm, waliichapisha ya kwao mwaka 1812, wakaweka njiwa na mti juu ya kaburi la mama. Filamu hii imechota kwa Božena Němcová, mwandishi wa Kicheki wa karne ya 19 ambaye Wacheki wanamheshimu kiasi cha kuweka sura yake kwenye noti yao ya koruna 500. Humu hamna boga, hamna panya wa kugeuzwa farasi, hamna bibi mwenye fimbo ya miujiza. Na hamna saa! Hakuna kengele inayomfukuza huyu binti kwenye dansi. Akiondoka, ameondoka kwa sababu ameamua kuondoka, na hapo ndipo filamu nzima inapopata utamu wake.

Acheni niwape onyesho la kwanza wanalokutana. Msitu umejaa theluji mpaka matawi yanainama. Mwana wa mfalme na marafiki zake wawili wamemtoroka mwalimu wao, wanarandaranda na pinde zao za kufyatua, zile zenye kitako kama cha bunduki. Anamwona kulungu, anakaza macho, analenga. Kabla hajafyatua, pa! Donge la theluji linamshukia na windo linakwenda zake. Anageuka kwa hasira na kumwona msichana mwenye nguo kuukuu na masizi shavuni, anacheka. Wanaume watatu wanamfukuza. Yeye anakatiza katikati ya miti kwa wepesi wa mtu anayekijua kila kisiki, na mwishowe anamrukia farasi wa mwana wa mfalme mwenyewe na kutokomea naye. Jamani! Katika dakika hizo chache tumeshajua kila kitu: ana huruma, ana ushupavu, na hamwogopi mtu kwa cheo chake. Mwana wa mfalme anabaki amesimama kwenye theluji, uso umegawanyika kati ya kukasirika na kuvutiwa. Mapenzi yameingia pale, ila mwenyewe bado hajajua.

Sasa njugu. Vincek, mtumishi wa pale nyumbani ambaye Vladimír Menšík anamwigiza kwa moyo mwema mno, anatumwa mjini. Anamuuliza Sinderela amletee nini. Yeye hataki lulu wala kitambaa. Anamwambia amletee kitakachompiga puani njiani. Vincek anasinzia kwenye gari lake la kuteleza juu ya theluji, na wale vijana watatu wanapita wakifanya mchezo wa shabaha. Mshale wa mwana wa mfalme unaangusha kiota cha ndege, kiota kinamtua Vincek, na ndani yake mna kijitawi chenye njugu tatu za hazeli. Umeona ufundi huo? Miujiza ya msichana imeangushwa na mkono wa yule yule atakayempenda, na wote wawili hawana habari. Nilisimamisha picha pale, nikairudisha, nikaitazama tena.

Njugu ya kwanza inapasuka na kutoa nguo za mwindaji. Ya pili inatoa gauni la dansi. Ya tatu siitaji, ingawa mjanja ameshabashiri. Kubwa zaidi ni hili: njugu hazimgeuzi kuwa mtu mwingine. Upigaji shabaha alifundishwa na marehemu baba yake. Njugu inampa mavazi tu ya kuingilia mashindanoni. Anafika mawindoni amevaa kofia yenye manyoya, kila mtu anamdhania kijana wa kiume, anamwangusha ndege wa mawindo aliyewashinda wengine na kuvishwa pete ya ushindi na mwana wa mfalme. Kijana, kwa wivu wa mchezo, anampa mtihani wa kudungua tunda la msonobari lililo juu kabisa kileleni. Anadungua. Kisha huyo, ameshayeyuka msituni! Mwana wa mfalme sasa amekutana naye mara mbili na kushindwa mara mbili, na bado hajaunganisha kwamba ni mtu mmoja.

Tufike ikulu. Ukumbi umefurika mabinti waliopambwa kwa ajili ya kuposwa, mwana wa mfalme amekunja uso kwa uchovu, mama wa kambo ameingia na kilemba chenye mabawa kama ya popo, cha kutisha na kupendeza kwa pamoja. Halafu mlango unafunguka. Libuše Šafránková anaingia, uso umefunikwa kwa shela nyepesi, anatembea taratibu bila kuangalia pembeni, na ukumbi wote unakatika maneno. Wanacheza. Kijana anapagawa, anatangaza kwamba mchumba ameshampata. Na hapo, wapenzi wasomaji, hapo ndipo niliposimama kitini. Binti anamkumbusha kwa upole kwamba kuna mtu mmoja amesahau kumuuliza: bibi harusi mwenyewe. Mwaka 1973! Katika ngano! Hasemi kwa jeuri wala kwa hotuba; anasema kwa sauti ya kawaida, kama jambo ambalo mtu mwenye akili angetakiwa kulijua.

Kisha anamtegea kitendawili chenye mafungu matatu: mwenye masizi usoni asiye msafisha dohani, mwenye kofia na upinde asiye mwindaji, mwenye gauni la fedha asiye binti mfalme. Ni nani? Kijana anakwama, naye binti anaondoka. Kiatu kinabaki ngazini, sawa, lakini kiatu ni nusu tu ya kazi. Mguu unaweza kupimwa na mtu yeyote. Huyu binti anataka mume atakayemtambua akiwa na masizi, akiwa na upinde na akiwa na gauni, na ajue kwamba wote watatu ni yeye. Sijawahi kuona filamu ya mapenzi iliyoweka sharti zuri namna hii, na iliyolilinda sharti hilo hadi mwisho.

Šafránková alikuwa na miaka 19 walipopiga picha. Ana macho yanayocheka kabla ya mdomo, na anapokaa mgongoni mwa farasi huwezi kumwona mwingine. Baadaye aliigiza katika Kolya ya mwaka 1996, iliyopata tuzo ya Oscar, lakini alipofariki mwaka 2021 Wacheki na Wajerumani walimlilia zaidi kama Sinderela wao. Pavel Trávníček anamweka mwana wa mfalme mahali panapostahili, kijana mtundu anayelazimika kukua. Sauti unayoisikia katika Kicheki lakini si yake, ni ya mwigizaji Petr Svojtka. Mfalme ni Rolf Hoppe, Mjerumani aliyekuja kung'ara katika Mephisto, na jinsi anavyobishana na malkia wake utadhani ni baba wa nyumba yoyote mwenye kijana asiyetaka kuoa. Na bundi! Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Hapa bundi Rozárka ndiye mlinzi wa sanduku la hazina za Sinderela, amejikalia bandani na macho yake makubwa. Mpaka mwisho nilikuwa nampenda.

Halafu ile theluji. Hadithi ilikusudiwa kupigwa picha majira ya joto, lakini Wajerumani wa DEFA walitaka kazi ifanyike majira ya baridi, studio zao zikiwa na nafasi. Sharti hilo ndilo lililoipa filamu uhai wake: mashamba meupe, pumzi za farasi zikitoka kama moshi, mavazi mekundu na ya kijani yakiwaka juu ya weupe. Theluji ya Mungu ilipopungua, walimwaga unga wa samaki, na harufu yake waigizaji waliikumbuka miaka yote. Kwenye picha hunusi kitu, unaona pepo tu. Mavazi yalibuniwa na Theodor Pištěk, yule yule aliyekuja kutwaa Oscar kwa mavazi ya Amadeus. Nyumba ya mama wa kambo ni ngome ya Švihov huko Bohemia, na ikulu ni kasri la Moritzburg karibu na Dresden, ambako mashabiki hadi leo wanakwenda kuzitazama ngazi za kile kiatu.

Kuna jambo limenigusa nilipolifahamu. Aliyeandika mswada ni František Pavlíček, ambaye baada ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw kuivamia Chekoslovakia mwaka 1968 alizuiwa kufanya kazi yake. Bohumila Zelenková akakubali jina lake ndilo liandikwe kwenye filamu. Kwa hiyo hadithi ya msichana aliyenyang'anywa nafasi yake nyumbani iliandikwa na mtu aliyenyang'anywa jina lake. Ukilijua hilo, kila Sinderela anapoonewa na bado asiinamishe kichwa, unasikia mtu mwingine akisema nyuma yake.

Muziki ni wa Karel Svoboda. Ule wimbo mkuu, ambao Karel Gott anauimba katika Kicheki, unaingia farasi anapokata mbio juu ya uwanda mweupe, na nakuapia utaamka nao kesho yake.

Huko Ulaya filamu hii ni mali ya Krismasi. Wacheki na Wajerumani hawamalizi Desemba bila kuitazama, na Norway televisheni ya taifa, NRK, imekuwa ikiionyesha asubuhi ya mkesha wa Krismasi kwa miaka mingi. Tena sikilizeni hili mliokulia kwenye vibanda vya video: kwa Wanorwe, sauti zote, za mfalme, malkia, mama wa kambo na Sinderela mwenyewe, zinasemwa na mtu mmoja, mwigizaji Knut Risan! Sisi tuliolelewa na watafsiri wa filamu, Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya, hatuhitaji kufafanuliwa raha hiyo. Wanorwe wanaipenda mno sauti yake hivi kwamba hawataki nyingine. Mwaka 2021 walitengeneza filamu yao mpya ya hadithi hii, akiigiza mwimbaji Astrid S, lakini nawasihi muanze na hii ya 1973.

Dosari? Miujiza yake ni ya kizamani: njugu inaanguka, picha inakatwa, nguo zimo. Aliyezoea kompyuta kumfanyia kila kitu anaweza kuona ni kidogo. Mimi niliona ni heshima, kwa sababu nguvu yote imebaki kwa watu na si kwa mazingaombwe. Wale marafiki wawili wa mwana wa mfalme nao ni vigumu kuwatofautisha, na kuna mawindo ambayo mtoto mdogo sana anaweza kuuliza maswali. Hayo tu.

Tafuteni nakala yenye lugha ya Kicheki au Kijerumani na maandishi chini ya picha, msiogope kusoma. Haifiki hata saa moja na nusu. Kaeni na mabinti zenu waone msichana asiyeomba ruhusa ya kuwa hodari, na kaeni na vijana wenu wa kiume kwa nguvu hiyo hiyo, wamwone mwanamume anayejifunza kuuliza kabla ya kutangaza. Nyota tano kati ya tano, na ningekuwa na ya sita ningeongeza. Sinderela bora niliyepata kumwona ni huyu. Mtazameni wikiendi hii.