Kuupima Mswada wa Mtunzi Mchanga

Tamthilia ya Kiswahili husomwa zaidi kuliko inavyotazamwa. Wengi wetu tulikutana nayo darasani, tukapigia mistari dhamira na maudhui, na mazoea hayo tukaingia nayo ukumbini. Mchezo mpya ukibeba ujumbe mzito tunausifu, hata kama jukwaani ulikuwa umelala usingizi. Anayetaka kumpendekeza mtunzi chipukizi kwa kikundi au kwa ukumbi hana budi kuuliza swali jingine kwanza: je, mtunzi ameliachia jukwaa kazi ya kufanya? Mswada uliokwisha kusema kila kitu hauna haja na mwigizaji.

Kurasa za mwanzo

Tazama jinsi habari inavyotufikia. Tuseme mume ameuza shamba la minazi la urithi. Mtunzi dhaifu atamwandikia mke hivi: "Baba Rehema, kwa nini uliuza shamba la minazi alilotuachia marehemu baba yako, ilhali unajua ndilo lililokuwa likiwasomesha watoto?" Mume anajua shamba lilikuwa la nani na lilifanya nini. Maneno haya anaambiwa yeye, lakini tunaosimuliwa ni sisi. Mwenye kipaji ataandika:

MAMA REHEMA: Nazi hii umenunua?
BABA REHEMA: Wewe ikune tu.
MAMA REHEMA: Shilingi ngapi?
(Baba Rehema anachukua kofia yake.)

Mwenye minazi hanunui nazi. Hadhira ya pwani itaelewa papo hapo, na ya bara itaelewa dakika mbili baadaye, ikiwa imekwisha kuingiwa na wasiwasi. Shamba halijatajwa, lakini limekwisha kuuzwa mbele ya macho yetu. Zaidi ya hapo, waigizaji wamepata cha kushika: nazi, mbuzi ya kukunia, kofia, na swali lisilojibiwa.

Maelekezo ya jukwaa

Watu wengi huyaruka maneno yaliyo ndani ya mabano. Usiyaruke. "Anasikitika sana" ni agizo lisilomsaidia yeyote. Mwigizaji atakunja uso, basi. "Anaikunja kanga ya marehemu, anaikunjua, anaikunja tena" ni kazi ya mikono, na huzuni itajileta yenyewe. Mswada ukijaa hisia ndani ya mabano na ukakosa vitendo, ujue mtunzi aliuona mchezo wake kama riwaya. Kasoro ya pili ni mabano yanayotaka yasiyowezekana: mvua ya mawe, gari linalopinduka, umati wa watu mia mbili. Mtunzi anayeijua hali ya kumbi zetu huupata umati kwa sauti nne nyuma ya pazia.

Ziba majina ya wahusika

Weka karatasi juu ya majina kwenye ukurasa wa mazungumzo kisha usome. Kama huwezi kumtambua bibi, mjukuu na mwenye nyumba kwa usemi wao pekee, wote wanazungumza kwa mdomo mmoja, mdomo wa mtunzi. Usihadaike na Sheng au lugha ya vijiweni. Kumpa kijana maneno matano ya mtaani ni rahisi. Kilicho kigumu ni kumjua anayekatiza wenzake, anayejibu swali kwa swali, na anayejificha nyuma ya methali kila anapobanwa.

Mpinzani apewe hoja

Sagamoyo ya *Kigogo* ya Pauline Kea, Butangi ya *Kifo Kisimani* ya Kithaka wa Mberia na Cheneo ya *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege ni miji na nchi za kubuni zilizosomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya. Si ajabu basi kwamba mswada mpya hufika ukiwa na nchi nyingine ya kubuni, mtawala mlafi na kijana mwanaharakati asiyekosea. Kuiga si dhambi. Hata hao waliotangulia walisoma wengine. Lakini pima hivi: soma maneno ya mtawala peke yake. Je, kuna mahali ulipojikuta ukikubaliana naye, japo kwa sentensi moja? Kama hakuna, pambano limekwisha kabla taa hazijawashwa. Mwenye nyumba anayedai kodi awe na mkopo wake unaomkosesha usingizi. Hapo ndipo mpangaji atakapohitaji akili, na sisi tutahitaji kusikiliza.

Ngoma na ngano

Kila mwaka utaona miswada iliyotiwa ngoma katikati ili ionekane ya Kiafrika. Kipimo ni kuing'oa. Ukiitoa ngoma na hadithi ikaendelea kama kawaida, ilikuwa pambo. Katika *Lina Ubani* (1984) ya Penina Muhando, ngano si kipumziko. Mchezo umejengwa juu yake, na ukiing'oa unaporomoka.

Mwisho

Hapa ndipo miswada mingi mizuri inapoharibika. Polisi wanaingia, mwovu anatiwa pingu, mhusika mmoja anasogea mbele na kutuhutubia. Chanzo kinajulikana: watunzi wengi walijifunzia katika mashindano ya shule au katika michezo ya miradi kuhusu Ukimwi, malaria na mazingira, na huko ujumbe ndio uliolipiwa. Linganisha na *Kinjeketile* (1969) ya Ebrahim Hussein, iliyotokana na Vita vya Maji Maji. Kinjeketile, akiwa amefungwa, anatakiwa akiri kuwa maji ni uongo, naye hakubali, ingawa mwenyewe ameingiwa na shaka. Hadhira inatoka ikibishana kama alifanya sawa. Mswada mpya ukikuacha na ubishi wa namna hiyo, msamehe mtunzi makosa kumi mengine.

Ukikuta hotuba mwishoni, usiutupe mswada. Rudi nyuma kurasa mbili, mara nyingi mwisho wa kweli uko pale, na mtunzi alishindwa tu kunyamaza.

Usikilize kabla ya kuusifu

Tafuta waigizaji wausome kwa sauti, karatasi mkononi, mbele ya watu wachache. Tamasha la kimataifa la tamthilia la Kampala, lililoanza mwaka 2014, huweka usomaji wa namna hii pamoja na maonyesho kamili, na vikundi vya Nairobi na Dar es Salaam hufanya hivyo bila gharama kubwa. Usiangalie mswada, waangalie wasikilizaji. Wanapokohoa na kushika simu, weka alama. Wanapocheka mahali ambapo mtunzi hakukusudia, weka alama mbili, kwani huenda kuna jambo lililo hai ambalo yeye mwenyewe hajaligundua.

Namna ya kupendekeza

"Ni kazi nzuri, ina mafunzo" haimsaidii mtunzi wala mwongozaji. Pendekezo lenye uzito lina mambo manne: onyesho moja unaloweza kulisimulia bila kuutazama mswada, idadi ya waigizaji na vifaa vinavyohitajika, kikundi au ukumbi unaouona unafaa, na kasoro moja inayorekebishika. Hilo la nne ndilo linaloogopwa, na ndilo linalokupa uaminifu. Mwongozaji akiambiwa kuwa onyesho la tatu ni refu lakini la pili litawanyamazisha watu ukumbi mzima, ataomba mswada. Akiambiwa hauna dosari, atashuku kwamba mtunzi ni shemeji yako.