Maji Hufuata Mkondo

Katika njia za waenda kwa miguu jijini Dublin kuna vifuniko vidogo vya chuma vilivyochongwa neno UISCE. Chini yake kuna koki ya bomba. Neno hutamkwa karibu na "ishke", na maana yake ni maji, basi. Watu huvikanyaga wakaenda zao. Lakini wapo mafundi wa historia ya lugha waliotumia miaka kuchimba chini ya herufi hizo tano, na kazi yao inastahili kutazamwa polepole.

Mwenye haraka angelifunga uisce na aqua la Kilatini: yote mawili ni maji, na sauti zinakaribiana. Fundi hukataa. Kwake kufanana si undugu, kwani hata wapita njia hufanana. Undugu huthibitishwa na mabadiliko ya sauti yanayojirudia neno baada ya neno. Mwaka 1822 Jacob Grimm alionyesha mkondo mmoja wa namna hiyo: penye d katika lugha nyingine za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, Kiingereza kina t. Mbili ni dó kwa Kiayalandi, dva kwa Kirusi, two kwa Kiingereza. Kwa hiyo voda ya Kirusi na water ya Kiingereza ni mtu na nduguye. Uisce je, ambayo haina d wala t?

Hapo ndipo subira inapoanza. Kwanza ni kutafuta maandishi ya kale. Katika karne ya 8 na ya 9 watawa wa Ayalandi waliandika maelezo mafupi kwa lugha yao, pembezoni na katikati ya mistari ya vitabu vya Kilatini. Vitabu hivyo vimehifadhiwa Würzburg, St. Gallen na Milano. Johann Kaspar Zeuss, mwalimu kutoka Bavaria, alizifuata maktaba hizo akinakili maelezo hayo, na mwaka 1853 akatoa Grammatica Celtica, msingi wa elimu ya lugha za Kikelti.

Kisha fundi hurudi nyuma, akirudisha hatua kwa hatua kilichodondoka. Kiayalandi cha kale kilipoteza miishio ya maneno. Baadaye, karibu na karne ya 6, kikameza irabu za katikati. N iliyotangulia s nayo ilitoweka: mwezi ni mensis kwa Kilatini, lakini "ya mwezi" kwa Kiayalandi ni mís. Akizirudisha sauti hizo mahali pake, anapata *udenskios. Ile d iliyokuwa imepotea inaonekana: ilibanwa na s mpaka ikamezwa. Kinyota kilicho mbele ya neno ni uaminifu wa fundi. Kinasema kwamba umbo hili limejengwa upya, halikukutwa limeandikwa popote.

Imebaki n. Kwa nini Kiingereza kina r mwishoni mwa water, ilhali Kiswidi husema vatten? Mafundi walishuku kwamba neno mama lilikuwa na sauti zote mbili, moja ikimpisha mwenziwe kulingana na kazi ya neno katika sentensi. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alitangaza kwamba amefumbua lugha ya Wahiti, iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo vya Anatolia zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ufunguo wake mmoja ulikuwa sentensi juu ya kula mkate na kunywa kitu kiitwacho watar. Na "ya maji"? Witenas. R na n katika neno moja. Kiingereza kilirithi upande mmoja. Kiayalandi, kupitia *udenskios, upande wa pili.

Mkondo huo una matawi ya kuchekesha. Watawa walitafsiri aqua vitae, maji ya uzima, wakapata uisce beatha, na Waingereza wakalikata likawa whiskey. Vodka ni "kijimaji" cha Kirusi. Walevi wa vinywaji hivyo viwili wanagombana juu ya mzizi mmoja. Njama kwa Kiayalandi ni uisce faoi thalamh, maji ya chini ya ardhi. Na mnyama tunayemwita fisi maji, wao humwita madra uisce, mbwa wa maji.

Zana hizi hazikubaki Ulaya. Mwaka 1899 Carl Meinhof alizitumia kuchapisha utafiti wa sauti za lugha za Kibantu. Weka maji yetu kando ya madzi ya Kichewa, amazzi ya Kiganda, amanzi ya Kizulu na maaĩ ya Kikuyu. Usiridhike kwamba yanafanana. Tafuta neno jingine ambalo sauti zake zimebadilika vivyo hivyo, kisha jingine, na jingine. Ukishayapata, ndipo utakapokuwa na haki ya kuandika kinyota chako.